Nafanya kazi kwa jina langu, bila kampuni: niombe zabuni ya umma au niache?

“Mimi ni fundi wa viyoyozi na majokofu. Nimeifanya kazi hii kwa miaka 9 kwa jina langu mwenyewe. Biashara imesajiliwa na kodi nalipa, lakini sina kampuni. Nina msaidizi 1 wa kudumu, na kazi ikizidi huwaita mafundi wenzangu 2. Nimeona tangazo la zabuni ya taasisi ya umma ya kuhudumia viyoyozi 140 katika majengo 7 kwa miaka 2. Wanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka 3, mikataba 2 ya kazi zinazofanana na hiyo, na dhamana ya utekelezaji ya asilimia 10. Mkataba wangu mkubwa hadi leo ni wa hoteli yenye viyoyozi 30. Wenzangu wananiambia kwamba asiye na kampuni haruhusiwi, kwamba nikiweka bei ya chini kuliko wote nitapata, na kwamba bila kumjua mtu wa ndani napoteza muda wangu. Zabuni inafungwa baada ya siku 19. Nisajili kampuni haraka? Niombe au niache?”

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na naona ndani yake kuna hofu mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni kama mlango uko wazi kwa mtu wa aina yako. Ya pili hukuiandika waziwazi, lakini inasikika: ukishaingia, utatoka salama? Wenzako wamekujibu ile ya kwanza tu, na wamekujibu vibaya. Nitaanza nayo kwa kuwa ni fupi, kisha nitakaa zaidi kwenye ya pili, maana katika miaka niliyokaa kwenye kamati za tathmini, na baadaye nilipoanza kuwashauri wafanyabiashara wadogo, huko ndiko nilikowaona mafundi hodari wakiumia.

Kufanya biashara kwa jina lako hakukuondolei haki ya kuomba zabuni. Sheria nyingi za ununuzi wa umma humtaja mzabuni kuwa mtu yeyote, awe binadamu au chombo kilichoundwa kisheria. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014 kuhusu ununuzi wa umma limefika mbali zaidi: linakataza kumtupa nje mzabuni kwa sababu hiyo peke yake, kwamba yeye ni mtu binafsi na wala si kampuni, ikiwa sheria za kwao zinamruhusu kutoa huduma inayotakiwa. Kenya, inayotenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, hupokea katika mpango huo hata biashara za mmiliki mmoja. Kwa hiyo anayekuambia kwamba asiye na kampuni haruhusiwi anakusimulia aliyoyasikia.

Lakini kuna mahali ambapo maneno ya wenzako yanaweza kugeuka kuwa kweli, na ni lazima upachunguze kabla ya kitu kingine chochote. Baadhi ya kazi za ufundi hudai leseni au usajili kwenye bodi ya fani, na baadhi ya bodi hizo hugawa usajili kwa madaraja yanayoweka kikomo cha thamani ya kazi. Ikiwa nyaraka za zabuni zinataka daraja ambalo wewe huna, mjadala umekwisha, hata ungekuwa fundi bora kuliko wote. Sharti la namna hiyo hukaa katika sehemu ya sifa za mzabuni, na wakati mwingine hujificha katika jedwali la mwisho linalorekebisha maelekezo ya jumla. Jedwali hilo watu wengi hawalifikii kwa sababu kurasa zilizotangulia huonekana zimenakiliwa kutoka zabuni nyingine, na kweli zimenakiliwa. Anza kusoma kutoka hapo.

Sasa, je, usajili kampuni ndani ya siku hizi 19? Nakushauri usifanye hivyo kwa ajili ya zabuni hii. Kampuni ni mtu mpya mbele ya sheria, na mtu huyo akizaliwa leo hana mkataba wowote aliowahi kuutekeleza, hana hesabu za miaka 3, wala hana historia ya kodi. Miaka yako 9 ni ya kwako wewe. Zipo kamati zinazokubali uzoefu wa mkurugenzi uhesabiwe kuwa wa kampuni, na zipo zinazokataa kabisa, kwa kufuata jinsi nyaraka zilivyoandikwa. Kwa hiyo kusajili haraka kunaweza kukupokonya kitu kizuri pekee ulichonacho mkononi. Hilo halina maana kwamba kampuni haina faida. Inayo, na nitaigusa nikifika kwenye hatari za mali yako, lakini ni uamuzi wa utulivu unaopaswa kufanywa pamoja na mhasibu, kwa kutazama miaka mitano ijayo.

Nikueleze jinsi kamati inavyofanya kazi, kwa sababu ukilielewa hili mengi yatajieleza yenyewe. Wewe umezoea mteja anayekuona ukifungua kifaa, anasikia mashine ikirudi kupumua, kisha anakuamini. Kamati ya tathmini haikuoni. Inaona karatasi au faili lililopakiwa kwenye mfumo, na imekatazwa kutumia kitu chochote nje ya hayo. Mjumbe mmoja anaweza kuwa ndiye aliyekuita mwaka jana kutengeneza kiyoyozi cha nyumbani kwake na akaridhika kabisa, lakini haruhusiwi kukupa hata alama moja kwa hilo, na kama ni mwaminifu itambidi atangaze kwamba anakufahamu.

Tathmini yenyewe huenda kwa hatua. Kwanza huangaliwa ukamilifu: fomu ya zabuni imesainiwa, vyeti vipo na muda wake haujapita, dhamana ya zabuni (ahadi ya benki kwamba hutajitoa kabla mkataba haujasainiwa) ina kiasi na siku zinazotakiwa. Hatua hii haina alama, unapita au unaanguka. Kisha huja sifa na uwezo wa kiufundi, halafu bei, na mwisho mshindi anayekusudiwa huhakikiwa kama aliyoyaandika ni ya kweli. Wazabuni wadogo wengi huanguka katika hatua ya kwanza, kabla mtu yeyote hajasoma neno moja kuhusu ufundi wao. Nakumbuka fundi mmoja ambaye bei yake ilikuwa nzuri na maelezo yake ya kazi yalikuwa bora kuliko ya kampuni zote zilizoshindana naye. Dhamana yake ya zabuni ilikuwa pungufu kwa siku 2. Tulimtoa. Hakuna aliyefurahi, lakini kama tungemsamehe yeye, tungelazimika kueleza kwa nini tulimtoa mwingine aliyekosa saini, na mkaguzi angetuuliza kwa nini kanuni moja imesomwa kwa namna mbili. Ukali huo huwaudhi watu, lakini ndio unaomzuia afisa asiye mwaminifu kumsamehe rafiki yake.

Kutokana na hayo, tuyatazame masharti yako matatu.

Hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 ni sharti linalowaumiza sana watu binafsi, kwa sababu katika nchi nyingi sheria haimlazimishi mfanyabiashara mdogo kukaguliwa hesabu zake. Uingereza iliona tatizo hilo. Sheria yake ya ununuzi ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika Februari 2025, inakataza taasisi za umma kudai hesabu zilizokaguliwa kutoka kwa mtu ambaye sheria ya kampuni haimlazimishi kukaguliwa hesabu zake, na inakataza pia kumtaka mzabuni awe tayari amekata bima ya kazi hiyo kabla hajapewa mkataba. Kwingine sharti hubaki kama lilivyo. Kama nyaraka zako zinasema “hesabu zilizokaguliwa” bila nyongeza, usiweke taarifa za benki mahali pake ukitumaini kwamba wataelewa, maana kuelewa wataelewa, na bado watakutoa.

Unachoweza kufanya ni kuuliza. Karibu kila zabuni ina muda wa kuomba ufafanuzi, na muda huo hufungwa siku kadhaa kabla ya zabuni yenyewe kufungwa. Sheria ya mfano kuhusu ununuzi wa umma iliyotolewa mwaka 2011 na UNCITRAL, kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia sheria za biashara ya kimataifa, inaelekeza kwamba jibu lipelekwe kwa wazabuni wote bila kutaja aliyeuliza. Kwa hiyo usiogope kuonekana msumbufu. Andika swali moja, fupi, lililo wazi: kwa mzabuni ambaye ni mtu binafsi na ambaye sheria haimtaki hesabu zake zikaguliwe, je, taasisi itapokea hesabu zilizoandaliwa na mhasibu aliyesajiliwa pamoja na tathmini za kodi za miaka hiyo 3? Wakikubali, jibu hilo huwa sehemu ya nyaraka na kamati italazimika kulifuata. Wakikataa, umeokoa siku zako. Jambo la kuepuka ni kupiga simu na kuridhika na sauti inayokuambia “usijali, weka tu ulichonacho”, kwa kuwa sauti hiyo haitakuwapo kwenye chumba cha tathmini.

Kuhusu kazi zinazofanana, tafuta jinsi nyaraka zilivyolitafsiri neno hilo. Huenda wanapima kwa aina ya kazi, kwa thamani, au kwa vyote viwili. Hoteli yako ya viyoyozi 30 ni kazi ya aina ileile, lakini kama wameandika kwamba kila mkataba uwe na thamani isiyopungua nusu ya zabuni hii, haitatosha. Kazi za sekta binafsi kwa kawaida huhesabiwa, isipokuwa wametamka vinginevyo. Tatizo kubwa la mafundi ni kwamba wamefanya kazi nyingi zisizoacha alama: mteja alipiga simu, kazi ikafanyika, fedha ikalipwa, yakaisha. Kwa kamati, kazi isiyo na mkataba, oda ya ununuzi au barua ya kukamilika ni sawa na kazi isiyofanyika. Kuanzia wiki hii, mwombe kila mteja uliyemridhisha barua yenye tarehe, inayoeleza ulifanya nini, kwa vifaa vingapi, kwa thamani gani na kwa muda gani. Iombe wakati bado anakukumbuka kwa wema, kwani meneja akihama, barua hiyo huwa ngumu kuliko kazi yenyewe.

Lipo jambo moja ambalo hukuuliza na ambalo kamati italiuliza kimoyomoyo: ukiugua, nani atakwenda kwenye majengo yale 7? Mtu anayefanya kazi kwa jina lake huonekana kama nguzo moja inayobeba paa zima. Jibu lake ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Wale wenzako 2 unaowaita kazi ikizidi, andikishiana nao makubaliano yaliyosainiwa, weka vyeti vyao na wasifu wao, kisha eleza nani atashika nafasi ya nani na ndani ya saa ngapi. Ukurasa mmoja wa namna hiyo hubadilisha kabisa jinsi unavyosomwa.

Tufike kwenye dhamana ya utekelezaji, ambapo ndipo swali la kuingia linapogeuka kuwa swali la kutoka salama. Dhamana hiyo ni ahadi ya benki, au ya kampuni ya bima pale inapokubalika, kwamba ukiacha kazi njiani taasisi italipwa kiasi hicho. Benki haitoi ahadi hiyo kwa kukupenda. Mfanyabiashara asiye na historia ndefu na benki mara nyingi hudaiwa aweke fedha taslimu ya kiasi kilekile, au karibu yake, ifungiwe hadi mkataba uishe, na juu ya hapo alipe ada.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme thamani ya mkataba wote ni mafungu 100, na kwamba gharama zako za vipuri, gesi, usafiri na mishahara zitakuwa mafungu 85. Kwa miezi 24, unatumia takriban mafungu 3.5 kila mwezi. Kama mkataba unasema utawasilisha ankara kila baada ya miezi 3, na ankara inapita kwenye ukaguzi wa kazi, idhini na foleni ya malipo kwa miezi mingine 3, basi hadi unapopata malipo ya kwanza umeshatoa mfukoni mafungu 21 hivi. Ongeza mafungu 10 yaliyofungiwa benki. Unahitaji karibu mafungu 31, yaani thuluthi moja ya mkataba mzima, kabla hujaona hata senti ya taasisi. Faida yote unayoitarajia kwa miaka 2 ni mafungu 15, na humo bado hujatoa kodi. Malipo yakija, katika nchi nyingi yatakuwa yamekatwa kodi ya zuio, yaani kodi ambayo anayekulipa huikata kabla fedha haijakufikia. Hiyo utaihesabu baadaye kwenye kodi yako ya mwaka, lakini kwa siku ile ni fedha usiyokuwa nayo.

Utaniambia sheria inataka walipe mapema. Ni kweli kwamba sehemu nyingi zina muda uliowekwa: Umoja wa Ulaya uliweka siku 30 kama kanuni ya kawaida kwa mamlaka za umma katika agizo lake la mwaka 2011 kuhusu malipo yanayochelewa, na sheria ile ya Uingereza niliyoitaja nayo inaweka siku 30. Hata hivyo siku hizo huanza kuhesabiwa ankara sahihi inapopokelewa au kazi inapothibitishwa, na ankara iliyokosewa namba ya oda hurudishwa, saa ikaanza upya. Riba ya ucheleweshaji ipo kwenye vitabu, lakini ni wachache wanaothubutu kumdai mteja ambaye wanatarajia kazi nyingine kutoka kwake. Fanya mpango wako kwa muda ambao wengine wamelipwa kwa kweli. Watafute wazabuni wa zamani wa taasisi hiyo uwaulize. Mara nyingi majina ya walioshinda hutangazwa.

Na hapa ndipo tofauti kati yako na kampuni inapouma. Wewe na biashara yako ni mtu mmoja. Fidia ya ucheleweshaji ikikatwa, dhamana ikiitwa, au fundi uliyemtuma akiunguza chumba cha mitambo, deni halisimami kwenye biashara, linakufuata hadi kwenye nyumba na akiba yako. Kampuni yenye dhima yenye kikomo hupunguza hatari hiyo kwa madai ya kawaida. Haipunguzi sana kwa upande wa benki, kwa sababu benki itamtaka mmiliki wa kampuni changa aweke udhamini wake binafsi, na mali yako itarudi mezani kwa mlango mwingine. Ndiyo maana nakwambia bima ya dhima kwa watu wa tatu huenda ikakulinda zaidi, na mapema zaidi, kuliko cheti cha kampuni.

Tuje kwenye bei. Wenzako wamechanganya kitu cha kweli na cha uongo. Katika zabuni nyingi za huduma za kawaida, ni kweli kwamba anayeshinda ni mwenye bei ya chini kati ya wale waliotimiza masharti yote. Neno zito hapo ni “waliotimiza”. Bei ya chini haimfufui aliyeanguka kwenye ukamilifu. Zipo pia zabuni zinazochanganya alama za ubora na za bei, na hizo hutamka uzito wa kila upande. Zaidi ya hayo, bei ikishuka kupita kiasi, taasisi inaweza kukutaka ueleze utawezaje, na maelezo yako yasiporidhisha inaruhusiwa kukukataa. Binafsi ningekuombea ukataliwe kuliko ushinde kwa bei hiyo. Aliyeshinda kwa bei isiyolipa gharama huanza kupunguza ziara, kisha anaweka vipuri hafifu, kisha barua za onyo zinaanza kuingia, na mwisho jina lake linakwenda kwenye orodha ya waliofungiwa, yaani waliokatazwa kuomba zabuni za umma.

Panga bei yako kutoka chini kwenda juu: kila kiyoyozi kitahitaji ziara ngapi kwa mwaka, kila ziara dakika ngapi, gesi kiasi gani, na vipuri vitagharamiwa na nani. Swali hili la vipuri ndilo lililowafilisi wengi. Ikiwa nyaraka zinasema “matengenezo kamili” bila kufafanua kama kubadilisha kompresa ni juu yako, basi mashine 140 zenye umri usioujua ni bahati nasibu. Kama kuna ziara ya kukagua eneo la kazi, usiikose, hata kama si ya lazima. Kisha hakiki hesabu zako mara mbili. Nyaraka nyingi zinasema kwamba bei ya kizio, yaani ya kitu kimoja kimoja, na jumla zikitofautiana, bei ya kizio ndiyo itakayofuatwa, na kwamba mahali ulipoacha wazi umechukuliwa kuwa umeshajumuisha gharama hiyo kwingineko. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ni kali zaidi: jumla iliyosomwa siku ya ufunguzi haibadilishwi. Na kumbuka kwamba bei hiyo itakufunga kwa muda wote wa uhalali wa zabuni, ambao unaweza kuwa miezi kadhaa. Ukijitoa katikati, unapoteza dhamana ya zabuni au unafungiwa.

Kuhusu kumjua mtu wa ndani, sitakudanganya kwamba jambo hilo halipo. Zipo zabuni zilizoshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na zina dalili zake: jina la chapa fulani bila maneno “au kinacholingana nayo”, muda mfupi usioelezeka, au mchanganyiko wa sifa usio na uhusiano na kazi ambao unaonekana kama wasifu wa mtu anayejulikana. Ukiziona, uliza kwa maandishi au achana nayo, na uhifadhi nguvu zako. Lakini wengi wanaosema “bila mtu wa ndani hupati” hawakuwahi kuomba barua ya kuelezwa kwa nini walishindwa. Ukishindwa, iombe. Kati ya tangazo la kusudio la kumpa mshindi kazi na kusainiwa kwa mkataba huwa kuna siku za kusubiri zilizowekwa makusudi ili mwenye malalamiko alalamike, na siku hizo ni chache. Chini ya kanuni za Umoja wa Ulaya, kwa taarifa za kielektroniki, ni angalau 10. Zikipita, malalamiko yako hubaki kuwa mazungumzo ya kijiweni.

Kwa mtu anayefanya kazi kwa jina lake, rushwa ina bei ya ziada. Kampuni ikifungiwa, wenye nayo hujaribu kusajili nyingine, ingawa sheria siku hizi huwafuata. Wewe ukifungiwa, limefungiwa jina ulilopewa na wazazi. Nakuonya pia juu ya mambo mawili yanayokuja yakiwa yamevaa sura ya urafiki. La kwanza ni mtu kukuomba umpe nukuu ya bei “ya kusindikiza tu”, ili afisa apate karatasi tatu kwenye faili. Hiyo ni kula njama, hata kama hukupewa chochote. La pili ni kampuni kubwa kutaka kutumia usajili wako kuingia kwenye zabuni zilizotengewa wadogo, ikuachie asilimia kidogo. Saini itakuwa yako, kazi itakuwa yao, na kesi itakuwa yako.

Basi uombe au uache? Kwa hayo uliyoniandikia, mimi nisingeomba zabuni hii kama mzabuni mkuu, isipokuwa mambo matatu yatokee yote: wakubali hesabu zisizokaguliwa, tafsiri yao ya kazi inayofanana iipokee hoteli yako na nyingine moja, na uwe na ile thuluthi ya thamani ya mkataba bila kukopa kwa riba inayomeza faida. Kuruka kutoka mashine 30 hadi 140 kwa mtu na msaidizi wake ni kuruka kukubwa, hata mafundi wale 2 wakijiunga kwa muda wote.

Kuna njia mbili za katikati. Unaweza kwenda kwa kampuni inayotaka kuomba na ukawa mkandarasi wake mdogo kwa majengo mawili au matatu. Utapata pungufu, lakini utapata barua ya kazi ya umma, na hiyo ndiyo mbegu ya zabuni inayofuata. Hakikisha makubaliano yenu yanasema utalipwa lini, wala usikubali maneno “nikilipwa nitakulipa” bila kikomo cha siku. Njia nyingine ni ubia na mafundi wenzako. Ubia huunganisha uzoefu na mitaji, lakini kwa kawaida kila mbia huwajibika kwa kazi yote, siyo kwa fungu lake tu. Mwenzako akitoroka, taasisi itakugongea wewe. Ubia wa siku 19 kati ya watu ambao hawajawahi kugawana hasara siupendi.

Wakati huohuo jisajili kwenye mfumo wa ununuzi wa kielektroniki wa nchi yako na uchague aina sahihi ya huduma, kwa sababu kazi ndogo zinazonunuliwa kwa kushindanisha nukuu za bei mara nyingi hupelekwa kwa waliomo tu, na masharti yake ya dhamana huwa mepesi au hayapo kabisa. Tazama pia mikataba mikubwa inayogawanywa katika mafungu. Kama zabuni hii ingegawanywa jengo kwa jengo, ningekujibu tofauti kabisa, na hilo nalo ni pendekezo halali la kuandika kwenye ombi lako la ufafanuzi.

Yapo mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyabeba. Nenda kwa mhasibu aliyesajiliwa ukiwa na daftari lako na taarifa za benki za miaka 3, umuulize kama hesabu hizo zinaweza kuandaliwa na kukaguliwa kwa uhalali, na kwa muda gani. Akikuambia anaweza kuzikagua kwa usiku mmoja, inuka uondoke. Kaa na afisa wa benki kabla ya kuomba zabuni yoyote yenye dhamana, upate kwa maandishi kiasi watakachokufungia. Usisaini ubia wala udhamini unaotaja nyumba yako kabla wakili hajausoma, na ukishapata barua ya kukataliwa unayoamini ni ya uonevu, mwone wakili siku hiyohiyo. Wale wanaojiita washauri wa zabuni na kukuahidi ushindi kwa asilimia fulani ya mkataba, waache wapite.

Kazi ya kesho asubuhi ni kutafuta katika nyaraka tarehe ya mwisho ya kuomba ufafanuzi. Katika siku 19, huenda imebaki wiki moja tu.